Hati Safi Haijibu Swali la Goziba

Goziba ni kisiwa na tena ni kata, mojawapo ya kata za visiwani za Halmashauri ya Wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Uhai wake ni mwalo, mahali vyombo vya uvuvi vinapopakua samaki. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa kutafuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, na wavuvi wanakaa nchi kavu wakirekebisha nyavu na kungoja giza lirudi. Sangara wanavuliwa kwa nyavu na ndoano, wanawekwa kwenye barafu, wanapelekwa kwenye viwanda vya minofu. Kazi hiyo imezaa nyingine: maduka, migahawa, nyumba za kulala wageni, mafundi wa injini, wauza mafuta, wanawake wanaoanika dagaa, na wachuuzi wanaoupeleka mzigo soko la Kirumba Mwanza, ambako unachukuliwa hadi Kongo, Rwanda na kwingineko.

Karibu kila hatua ya shughuli hizo ina malipo yake ya serikali. Mvuvi ana leseni, na chombo chake kina leseni ya pekee. Mwenye duka anatakiwa kuwa na leseni ya biashara chini ya sheria ya mwaka 1972. Samaki na dagaa wanatozwa ushuru wa halmashauri. Mzigo unaosafirishwa unahitaji kibali. Mwenye mtaji unaoonekana ana makadirio yake TRA, na boti inayobeba watu inakaguliwa na TASAC, shirika la uwakala wa meli. Malipo haya yana sheria nyuma yake, na si kusudi langu kusema yafutwe. Swali ni hili: fedha hizo zinarudi wapi, na nani anamjibu aliyezitoa?

Nimelifuatilia swali hilo kwenye sheria, kwenye ripoti za ukaguzi na kwenye sera za biashara za miaka ishirini iliyopita, na jibu ninalolipata ni kwamba Tanzania haikukosa sheria za uwajibikaji wala haikukosa wakaguzi. Hesabu za biashara zinapanda tu. Zinatoka mwaloni kwenda Muleba, Muleba kwenda Dodoma, Dodoma kuingia bungeni. Kushuka, hazishuki. Na hesabu ya sera, yaani maelezo ya kwa nini amri fulani ilitolewa na ilileta nini, haipandi wala haishuki.

Mfumo wa kupanda si wa kudharau. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inaiwajibisha Serikali kwa wananchi. Ibara ya 138 inakataza kodi ya aina yoyote isiyotokana na sheria. Ibara ya 143 inaweka ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 ikaipa nguvu zaidi. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Mkaguzi anaingia kwenye vitabu. Mwishoni mwa Machi ripoti inakuwa mezani kwa Rais na Aprili inasomwa bungeni. Hapo Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa inaweza kumwita mkurugenzi wa halmashauri yoyote, Muleba ikiwemo, aeleze shilingi iliyopotea. Nchi nyingi za jirani zina mpangilio wa namna hii, na kwa maandishi wa kwetu haujapungukiwa sana.

Kagera yenyewe imewahi kuuona mfumo huu ukifanya kazi. Baraza la Madiwani la Manispaa ya Bukoba lilipasuka kwa sababu ya miradi ya biashara: ujenzi mpya wa soko kuu, kituo cha mabasi, upimaji wa viwanja. Upande mmoja alikuwapo Meya Anatory Amani, upande wa pili Mbunge wa Bukoba Mjini, Khamis Kagasheki, ambaye wakati huo alikuwa waziri, pamoja na madiwani waliotaka maelezo ya mikataba na fedha. Madiwani hao hawakuwa wa chama kimoja. Agosti 2013 wanane wa CCM walivuliwa uanachama na vikao vya chama mkoani, uamuzi ambao uongozi wa kitaifa haukuukubali. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ikafanya ukaguzi maalumu, na Januari 2014 Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Ludovick Utouh, alikwenda Bukoba mwenyewe kuwasomea madiwani alichokikuta. Meya akatangaza kujiuzulu.

Watu wengi wanaikumbuka habari hiyo kama ugomvi wa wakubwa wawili. Ukiiangalia kwa jicho la mlipa ushuru, ina mambo mawili yenye thamani zaidi ya ugomvi. La kwanza, maswali yalianzia kwa madiwani, watu wa karibu kabisa na soko, na waliyauliza pamoja bila kujali kadi. La pili, ripoti ilisomwa Bukoba, mbele ya baraza linalohusika, katika mji wa wale ambao soko lao lilikuwa linabishaniwa. Hesabu ilishuka. Ilichukua mgogoro mzito ili ishuke hatua hiyo moja, na hata hivyo wafanyabiashara wa soko kuu waliendelea kwa miaka mingi kuuza kwenye mabanda yale yale ya zamani. Uwajibikaji uliishia kwenye kiti cha umeya. Soko halikujengwa kwa sababu ripoti imesomwa.

Mazingira yaliyowezesha maswali yale yamebadilika. Katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa Novemba 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Mabaraza yaliyofuata yakawa karibu yote ya chama kimoja. Diwani wa chama tawala anaweza kuuliza swali gumu. Wale wanane wa Bukoba waliuliza. Lakini tumeona gharama yake: kuuliza habari za soko kulitaka kumpotezea mtu kadi ya chama, na pamoja nayo udiwani.

Sasa tuje kwenye hati safi, maana hapa ndipo mambo mengi yanafichika pasipo mtu kusema uongo.

Kila Aprili halmashauri zinatangaza kwa furaha kwamba zimepata hati safi. Inasomwa kwenye vikao, inatajwa kwenye mbio za Mwenge, na mwananchi anaelewa kwamba fedha zake zilitumika vizuri. Hati hiyo haisemi hivyo. Inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango vinavyokubalika na hazina kasoro kubwa ya kumpotosha msomaji. Halmashauri inaweza kutumia sehemu kubwa ya fedha za biashara kununua mafuta ya boti ya kukusanyia ushuru, kulipa posho za doria na vikao, na kuchapisha fomu. Kila malipo yakiwa na hati, idhini na stakabadhi, vitabu vitakuwa safi. Kama mwanamke wa Goziba bado anaanika dagaa juu ya mchanga, na mvua ikinyesha mzigo unaoza au unashuka bei hadi kuwa chakula cha kuku, hilo halina safu kwenye taarifa ya fedha. Vichanja vya kuanikia havikujengwa. Havikuwepo kwenye bajeti. Kwa hiyo hakuna hoja ya ukaguzi.

Ukaguzi wa kupima ufanisi upo. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti zake kila mwaka, na nyingi ni nzuri. Zinachagua mada za kitaifa, zinatembelea mikoa michache, zinatoa mapendekezo kwa wizara. Hazijakusudiwa kufika kwenye kata moja ya kisiwani.

Ripoti za kawaida za serikali za mitaa nazo zimekuwa zikirudia hoja zile zile mwaka baada ya mwaka: mashine za kukusanyia mapato zinazozimwa au kukaa nje ya mtandao, makusanyo ambayo hayakupelekwa benki, mawakala waliokusanya bila kuwasilisha, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa. Mfumo wa malipo kwa namba maalumu, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, umeziba mianya mingi tangu 2017, na ni haki kuusifu. Mwenye simu anaweza kulipa leseni bila kumpa mtu fedha mkononi. Lakini mwaloni malipo mengi bado yanapita kwenye mkono wa mtu mwenye mashine, alfajiri, boti zikiwa zimepanga foleni na mtandao ukiwa dhaifu. Mashine isiposoma, mzigo hauwezi kungoja. Dagaa wabichi hawangoji.

Mlipaji pale hana njia ya kujua kama shilingi yake imeingia kwenye mfumo. Anayeweza kujua yuko Muleba. Akigundua kasoro ataiandika, itasafiri hadi Dodoma, na mwaka mmoja au miwili baadaye itakuwa mstari mmoja ndani ya jedwali la halmashauri zote za nchi. Aliyelipa hataambiwa kitu.

Idara ya biashara yenyewe imewekwa mahali pagumu. Muundo wa sasa wa halmashauri unaiita Divisheni ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji, jina kubwa lenye ahadi ndani yake. Afisa biashara anatakiwa kukuza biashara, kutafuta masoko, kushauri wajasiriamali, kushughulikia viwanda vidogo. Anatakiwa pia kutoa leseni na kuhakikisha hakuna anayefanya biashara bila leseni. Kazi ya pili ina lengo la makusanyo lililoandikwa kwa tarakimu, na mkurugenzi anaulizwa juu yake kila robo mwaka. Kazi ya kwanza haina tarakimu. Mtumishi yeyote mwenye akili atajua ni ipi ya kufanya kwanza.

Matokeo yake wafanyabiashara wengi wa visiwani wanamfahamu ofisa wa serikali kama mkaguzi wa karatasi. Boti ya halmashauri ikionekana kwa mbali, wenye maduka wanaotafutwa leseni wanafunga. Simlaumu afisa biashara. Wilaya ya Muleba ina nchi kavu na visiwa, ana mafuta kidogo, na anapimwa kwa anacholeta. Lawama ni ya mpangilio unaoipa idara moja kazi ya kulea na kazi ya kutoza, kisha unapima moja tu.

Historia ya tozo inaeleza kwa nini halmashauri zilifika hapo. Mwaka 2003 Serikali Kuu ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyojulikana kama kodi ya kichwa, pamoja na tozo nyingine nyingi za halmashauri. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wadogo wakaondolewa ada ya leseni. Ilikuwa nafuu kubwa, na wananchi walioishi enzi za kukimbia mgambo wanaijua. Halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia pengo, na zikaelekezwa kwamba asilimia 20 ya ruzuku hiyo irudi vijijini. Kurudi huko kumekuwa kwa kusuasua, na wakaguzi wameliandika mara kwa mara. Baadaye leseni ndogo zikarudishwa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na pengo lingine likafunguka. Kila mara Dodoma inapofuta tozo, halmashauri yenye kahawa, ndizi na samaki inaegemea zaidi kwenye kile kilichobaki. Muleba, samaki wamebaki.

Hapa tunaingia kwenye hesabu ya sera, na ndipo ninapoona upungufu mkubwa zaidi.

Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, 25,000 kwa kila mkoa. Mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa shilingi 20,000, akapata kadi, akaachwa bila bughudha nyingine. Kwa mama anayeuza maandazi au samaki wa kukaanga, aliyezoea kufukuzwa na mgambo, kadi ile ilikuwa ulinzi wa kweli. Nia yake naiunga mkono. Lakini maswali yalibaki bila ofisi ya kuyajibu. Wakuu wa wilaya walishindana kumaliza vitambulisho walivyopewa, na katika maeneo mengi watu waliosita walishurutishwa. Fedha zilikwenda Serikali Kuu. Halmashauri, ambazo ndizo zinazosafisha soko na kuzoa taka, zikapoteza ushuru wa wale waliopata kadi. Nani alipima kama wenye kadi walikua kibiashara? Nani alihesabu halmashauri zilipoteza kiasi gani? Kitambulisho cha leo kipo chini ya wizara inayosimamia maendeleo ya jamii, kwa mfumo mpya wa usajili wa kidijitali. Sera imehama ofisi, na hakuna aliyewasomea wachuuzi matokeo ya ile ya kwanza.

Operesheni Sangara ya mwaka 2018 iliugusa moyo wa visiwa. Uvuvi haramu ulikuwepo, na hakuna mvuvi mkweli atakayekataa: makokoro, timba, nyavu za macho madogo, sangara wachanga wakivuliwa kabla hawajazaa. Sangara walikuwa wanapungua na viwanda vya minofu vilikuwa vinapungukiwa malighafi. Wizara ya Mifugo na Uvuvi chini ya Waziri Luhaga Mpina iliamua kutumia nguvu. Nyavu zilichomwa moto, vyombo vilikamatwa, faini zilitozwa visiwa vyote vya ziwa. Wizara ilisema samaki waliongezeka baada ya hapo. Wavuvi walisema walitozwa bila stakabadhi, nyavu halali zilichomwa pamoja na haramu, na mitaji iliyojengwa kwa miaka ikateketea asubuhi moja.

Pande zote mbili zinaweza kuwa na ukweli. Ndiyo maana palihitajika hesabu ya wazi: faini kiasi gani kwenye kila mwalo, ziliingia akaunti gani, nyavu ngapi zilichomwa na kwa kipimo gani, rufaa ngapi zilisikilizwa. Wabunge wa kanda ya ziwa walilalamika sana bungeni. Juni 2018, maofisa wa wizara walipoingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge kupima samaki waliopikwa, jambo likawa hoja ndani ya ukumbi na Serikali ikatakiwa ieleze. Mvuvi wa Goziba aliyechomewa nyavu hakuwa na ukumbi wa kusimama na kuomba mwongozo.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda iliweka wanajeshi majini kuanzia 2017 kwa sababu zinazofanana, na malalamiko ya wavuvi wa visiwa vya Ssese yakafanana na ya kwetu. Ziwa ni moja, na serikali zake zimekuwa na mwelekeo mmoja wa kufanya sera ya biashara ya samaki iwe kazi ya askari. Askari anatoa taarifa kwa kamanda wake.

Muleba ilikuwa na nafasi ya pekee katika miaka hiyo. Waziri wa Viwanda, Biashara na Uwekezaji kuanzia Desemba 2015 hadi Novemba 2018 alikuwa Charles Mwijage, Mbunge wa Muleba Kaskazini. Ndani ya kipindi chake, mwaka 2018, Serikali ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, waraka ambao ulikiri wazi kwamba mfanyabiashara wa Tanzania anabanwa na mamlaka nyingi zinazoingiliana kazi. Ni waraka wa kuheshimika. Bajeti ya mwaka 2019/20 ikafuta tozo 54, na kazi ya ukaguzi wa chakula ikaondolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ikapelekwa TBS, shirika la viwango. Kuwa na mbunge wako kwenye kiti cha waziri wa biashara, hata hivyo, hakukuifanya hesabu ya biashara ishuke hadi visiwani, na sidhani ni kosa la mtu. Mlipa ushuru hapaswi kuhitaji bahati ya namna hiyo.

Mikopo ya asilimia 10 ndiyo sera inayopaswa kuonekana kwa macho Goziba. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha ile ile ya ushuru. Chukua mfano wa hesabu tu: visiwa vikichangia shilingi milioni 100 kwenye mapato ya ndani, milioni 10 zinatakiwa kugeuka mikopo. Sheria haisemi kwamba mikopo hiyo irudi kule fedha zilikotoka, na hapo pana pengo. Kikundi kinahitaji usajili, katiba, akaunti ya benki, ufuatiliaji wa afisa maendeleo ya jamii. Mtu wa nchi kavu anapanda bodaboda. Mtu wa kisiwani anapoteza siku nzima au mbili, nauli ya boti, na kazi. Tena mvuvi anahama. Msimu huu yupo Goziba, mwingine atafuata samaki kisiwa kingine, na kikundi chake kinaonekana hakikopesheki.

Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kusimamishwa kwa mikopo hiyo nchi nzima, baada ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha marejesho mabaya na vikundi hewa. Ilirejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kusimamisha kulikuwa na sababu. Lakini katika muda huo wote, ushuru haukusimama hata siku moja, na akina mama ambao hawakuwahi kukopa wala kuiba waliadhibiwa pamoja na vikundi hewa. Kama orodha ya waliokopeshwa ingekuwa imebandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji tangu mwanzo, majirani wangevitambua vikundi hewa kabla ya mkaguzi hajapanda gari kutoka Dodoma.

Mkulima wa kahawa wa Kagera, pamoja na dhuluma zote alizopitia, ana kitu ambacho mvuvi hana. Chama chake cha msingi kina mkutano mkuu ambapo makato ya kila kilo yanatajwa: hiki cha chama, hiki cha chama kikuu, hiki cha halmashauri. Wanachama wanapiga kelele kuhusu makato kila msimu, na wana haki, lakini wanapiga kelele wakiwa na tarakimu mkononi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vilivyoundwa kwenye mialo ya ziwa, vingeweza kuwa jukwaa hilo. Vimeelekezwa zaidi kwenye doria na, katika halmashauri kadhaa, vimefanywa mawakala wa kukusanya ushuru. Chombo cha wavuvi kikishakuwa mkono wa kutoza, ni vigumu kikawa sauti ya kuuliza.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka Mei 2023 wakilalamikia kodi, wakafunga tena Juni 2024. Mara ya kwanza Waziri Mkuu alikutana nao Mnazi Mmoja na kuwasikiliza kwa saa nyingi, mbele ya kamera. Mwaka 2024 Rais akaunda tume ya kuangalia mfumo wa kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Nguvu yao ilitokana na mahali walipo: Kariakoo ikifunga, nchi nzima inakosa bidhaa kesho yake. Goziba ikigoma kuvua wiki moja, bei ya dagaa Kirumba itapanda kidogo, na wa kwanza kulala njaa ni wavuvi wenyewe. Kwa hiyo visiwa haviwezi kutegemea mgomo. Vinahitaji utaratibu wa kudumu.

Sehemu kubwa ya utaratibu huo tayari imo kwenye sheria. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Kwa kijiji cha wavuvi, tarehe ni jambo la kufa na kupona. Mkutano ukiitishwa siku za giza, mahudhurio yatakuwa ya wazee na watoto. Waliolipa ushuru watakuwa majini au wamelala baada ya kukesha. Uitishwe wakati wa mbalamwezi, watu wapo. Ofisi ya mtendaji haihitaji shilingi moja ya ziada kufanya hivyo.

Halmashauri nayo ina takwimu za kila mashine ya kukusanyia, kwa siku na kwa kituo. Kuzitoa kwa kila mwalo kila robo mwaka, karatasi moja iliyobandikwa ofisi ya kijiji, ni kazi ya saa chache: kilichokusanywa, kilichorudi, mikopo iliyokwenda kwa kikundi gani, kilichotumika kwa doria. Ukusanyaji na ukuzaji wa biashara vitenganishwe kwenye bajeti ya divisheni, ili madiwani waone ni shilingi ngapi zimetengwa kwa vichanja, gati, maji safi na choo cha mwalo, na ni ngapi kwa mafuta na posho za kukusanyia. Na amri yoyote ya kitaifa inayogusa mwalo, iwe ya nyavu, ya leseni au ya kitambulisho, ije na tarehe ambayo wizara itarudi kusema ilileta nini.

Kuna watakaosema wananchi wakionyeshwa makusanyo ya mwalo wao, kila kisiwa kitadai chake na wilaya itagawanyika. Hofu hiyo naielewa. Shule ya kata isiyo na samaki wala kahawa inategemea ushuru wa wengine, na ni sawa iwe hivyo. Lakini mtu aliyeelezwa kwamba fedha yake imejenga zahanati ya jirani anaweza kukubali, hata kujivunia. Asiyeelezwa chochote atadhani imeliwa, na mwaka unaofuata atatafuta namna ya kupitisha mzigo wake usiku. Ziwa ni pana na mialo isiyo rasmi ni mingi. Ukwepaji ushuru unaolalamikiwa na halmashauri kila bajeti unaanzia kwenye ukimya huu.

Msomaji uliye Goziba, Kerebe, Bumbire, Ikuza au Mazinga, huna haja ya kungoja marekebisho. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Muleba. Taja mwalo wako. Uliza mambo matatu: mwaka wa fedha uliopita zilikusanywa shilingi ngapi hapa, zilirudi ngapi, na zilifanya nini. Nakala moja mpe mtendaji wa kijiji, nyingine diwani, yako itunze pamoja na stakabadhi ya kupokelewa. Mkutano wa kijiji ujao, siku za mbalamwezi, isome barua hiyo mbele ya wote, pamoja na jibu ulilopewa au ulilonyimwa.